Aliyeonja Kwanza

Mandewa, Singida
14 Januari 2024

Enock mdogo wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu namba yako nimeifunga kwenye simu yangu na bado sijaona sababu ya kuifungua. Mara ya mwisho ulinipigia nikiwa kwenye semina, mbele ya madaktari, ukaanza kuniimbia. Barua hii anakuletea Isaka, ambaye huja huku mjini mara kwa mara. Isome asubuhi, kabla hujatoka.

Mkeo Dorika amenieleza habari ya Peniel. Binti wa miaka tisa anaumwa homa, amepakiwa kwenye baiskeli apelekwe zahanati, na baba yake anapita kilabuni kidogo. Hicho kidogo kilianza saa nne asubuhi kikaisha saa kumi na moja jioni. Mtoto amekaa nje juu ya gunia, anatetemeka, mpaka jirani alipomwona akambeba yeye. Malaria ilikuwa imeshapanda. Ungemzika, Enock.

Sasa sikiliza. Utaacha pombe. Sisemi upunguze, nasema uache, kuanzia siku unayosoma barua hii. Mimi ni mshauri nasaha, kazi yangu kila siku ni walevi, naijua njia yao na naujua mwisho wake. Dorika ameapa kwamba likitokea tena jambo kama lile anamchukua mtoto anarudi kwao Shelui, na mimi nimemwambia afanye hivyo bila kugeuka nyuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama angekuwa hai, aibu hii ingemuua.

Jibu kwa mkono wa Isaka.

Dada yako,
Elina


Kinampanda
2 Februari 2024

Dada Elina,

Shikamoo. Nimeisoma asubuhi kama ulivyoagiza. Niliisoma na jioni vilevile, ikawa na ukali uleule, kwa hiyo tatizo si saa.

Habari ya Peniel ni kweli yote. Sina la kuongeza wala kupunguza.

Lakini nina swali. Isaka huyu aliyeleta barua yako tulikuwa tunakunywa naye kikao kimoja, na mimi ndiye niliyekuwa namfikisha kwake, kwa sababu miguu yake ilikuwa inamkimbia kabla ya yangu. Leo ana mwaka na miezi miwili hajagusa. Anauza vitunguu, ameezeka bati. Kila mtu hapa kijijini anajua ni wewe uliyemtibu, maana yeye mwenyewe anahubiri kila anapokaa. Nikamuuliza, dada yangu alikufanyaje, alikuchapa? Akasema, "Enock, dada yako hakuniambia niache hata siku moja. Aliniuliza maswali tu. Alikuwa ananiuliza, kisha ananisikiliza mpaka naona aibu kumdanganya."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Isaka, mtoto wa watu, amepata maswali. Mimi niliyenyonya ziwa ulilolinyonya wewe nimepata amri tano na methali moja. Wanasema mganga hajigangi, lakini hata wa nyumbani kwake hawagangi?

Niandikie kama ningekuwa mtu baki. Sina ombi lingine.

Ndugu yako,
Enock


Mandewa
11 Februari 2024

Enock,

Marahaba.

Kazi yetu hairuhusu kumhudumia ndugu. Anayekupenda hawezi kukusikiliza sawasawa, anakuwa na haraka ya kukuona umepona. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu, na barua yangu ya kwanza inaonyesha kwamba ninachofundisha ni kweli. Nimeisoma nakala niliyobaki nayo. Mteja wangu angeipata barua kama ile asingerudi tena kliniki.

Lakini umeomba, na nyumbani kwetu kuomba hatukuzoea. Kwa hiyo nitajaribu.

Sitakuambia uache. Uamuzi ni wako, na ungekuwa wako hata kama ningepiga kelele mpaka zifike Kinampanda. Nakuuliza hivi: kutoka sifuri mpaka kumi, ambapo sifuri ni kwamba hutaki kabisa kuacha na kumi ni kwamba umeshaamua, wewe uko namba ngapi leo? Usinipe namba ya kunifurahisha. Kwetu sisi mgeni hapewi kiti kibovu, na wateja wangu wengi hunipa nane kwa heshima tu, kisha wanatoka nje wanakwenda kunywa. Nipe ya kweli, hata ikiwa mbaya.

Halafu niambie kwa nini umetaja hiyo na si sifuri.

Elina


Kinampanda
25 Februari 2024

Dada Elina,

Shikamoo. Nilianza kuandika sita, nikafuta. Namba yangu ni tatu.

Nilitegemea uniulize kwa nini si kumi. Hilo nimeulizwa na mchungaji, na mwenyekiti wa kitongoji, na Dorika kila Jumapili, na majibu yake ninayo mfukoni. Hili la kwa nini si sifuri hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nimetembea nalo wiki nzima.

Si sifuri kwa sababu ya kitu ambacho Dorika hakukuambia, kwa kuwa hakijui. Siku ile ya homa ya Peniel, mnamo saa tisa nilitoka nje kujisaidia. Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa karibu na mtoto wangu, amempa kata ya pombe aishike, anamwambia, "Onja, homa itashuka." Yule mzee hakuwa mbaya, alikuwa anacheka. Peniel alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama anavyoshika kikombe cha uji, anaangalia ndani. Hakunywa. Alinitazama mimi, anasubiri niseme.

Na mimi nikapita, dada. Niliona, nikapita, nikarudi ndani nikakaa. Jirani ndiye aliyekuja kuiondoa ile kata mikononi mwake.

Hiyo ndiyo tatu yangu.

Enock


Mandewa
3 Machi 2024

Enock,

Asante kwa kuniambia. Najua haikuwa rahisi kuiandika.

Nasikia kwamba kuna watu wawili ndani yako. Mmoja alipita akarudi ndani. Mwingine hajaacha kuiangalia ile kata mpaka leo. Umeandika barua nzima kwa mkono wa huyu wa pili, na ni yeye ninayependa kuzungumza naye.

Ungefanya nini ili tatu hiyo iwe nne? Sikuulizi kuhusu kumi. Tafuta kitu kimoja kidogo, utakachokichagua mwenyewe. Na ukiamua kuacha, usiache ghafla peke yako. Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa kwa siku moja unaweza kuanguka kifafa. Pita kwanza kliniki pale Kiomboi wakupe dawa za siku za mwanzo. Isaka anaijua njia, mwambie akusindikize.

Namba yako ya simu nimeifungua leo. Lakini tuendelee na barua. Naona kwenye karatasi unasema kweli zaidi.

Dada yako,
Elina


Kinampanda
7 Aprili 2024

Dada yangu Elina,

Shikamoo sana. Leo ni siku ya ishirini na moja. Nilikwenda Kiomboi na Isaka, nikapewa dawa. Siku nne za kwanza nilitetemeka mpaka Dorika akanilisha uji kwa kijiko kama mkwe aliyepooza. Wiki ya pili nikalala usingizi wa kweli. Nimepalilia alizeti yangu yote bila kibarua, na Peniel ameanza kukaa karibu na mimi wakati wa kula. Zamani alikuwa anakaa upande wa mlango. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa anachagua.

Namba yangu sasa ni saba. Kwa nini si kumi nitakuambia, ingawa hujauliza.

Isaka aliniambia kwamba kwenye vikao vyenu ulimuuliza alivyoanza. Mimi hujaniuliza. Pengine ni kwa sababu ulikuwepo. Lakini niache nieleze kana kwamba hukuwepo.

Unajua wazee wetu hawapokei kata kabla mwenye pombe hajaonja mbele yao, wajue haina sumu. Baba alipofariki mama akaanza kupika pombe ya mtama kila Jumamosi ili tule, na baadaye ili wewe usome sekondari ya bweni. Lakini kanisa lilikuwa limemtenga kwa ajili ya hiyo pombe, na alipoomba kurudi kundini aliahidi mbele ya madhabahu kwamba haitaingia mdomoni mwake tena. Kupika akaendelea, kunywa hakunywa. Kwa hiyo alihitaji mtoto wa kuonja. Mtoto wa mwenye pombe akionja, imetosha.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa jikoni, anachuja mtungi wa pili. Wazee walikuwa wamekaa uani, wanasubiri. Nilipelekewa kata, nikakataa, nikabana meno. Nikaambiwa ni kama uji uliochacha. Nikakataa bado. Basi mkono ukanishika pua, ukaibana, mpaka nikafungua mdomo ili nipumue, na pombe ikaingia. Wazee wakapiga makofi. Kutoka siku hiyo nilionja kila Jumamosi kwa miaka saba. Kufikia darasa la tano sikuhitaji kushikwa pua.

Ndiyo hadithi yote. Simlaumu mtu, wote tulikuwa na njaa. Lakini wewe ulikuwepo pale uani, na mama hayupo tena wa kumuuliza. Niandikie unavyoikumbuka wewe siku ile. Nikipata hilo, nadhani nafika kumi.

Mdogo wako,
Enock


Mandewa
14 Aprili 2024

Mpendwa Enock,

Hongera kwa siku ishirini na moja, na sasa ni ishirini na nane. Hizo ni juhudi zako mwenyewe na unastahili kujivunia.

Asante pia kwa kunishirikisha historia yako. Nasikia maumivu ya mtoto mdogo aliyebebeshwa mzigo wa watu wazima. Nasikia kwamba, kwa namna fulani, unahisi mama hakukulinda, kwamba ahadi yake kwa kanisa aliitimiza kwa kutumia mwili wako. Ni kawaida kuwa na hasira kwa mzazi aliyekwisha kufariki, na hasira hiyo haimaanishi kwamba hukumpenda.

Unaweza kufikiria kumwandikia mama barua, hata kama haitatumwa. Wateja wangu wengi wamepata nafuu kwa njia hiyo. Je, unaonaje? Ni kitu gani kingekusaidia kumsamehe?

Endelea na dawa zako.

Elina


Kinampanda
5 Mei 2024

Wifi Elina,

Habari za huko? Huku si nzuri.

Enock aliipokea barua yako mbele yangu. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Nikamwomba na mimi niisome, nikaona maneno mazuri tu, hakuna tusi, nikamwambia, "Dada yako kakupongeza." Akacheka. Wifi, nimeishi na mume wangu miaka kumi na minne, na kicheko kile sijawahi kukisikia.

Akasema, "Mama alikuwa anachuja pombe jikoni. Mama hakuwa na mikono mitatu."

Kisha akavaa viatu. Alirudi siku ya tatu, amebebwa na Isaka kwenye mkokoteni wa vitunguu, shati limeraruka, amejikojolea. Peniel aliona. Tangu hapo anakunywa kuliko mwanzo, anakunywa kama mtu anayelipwa. Mtoto amerudi kukaa upande wa mlango.

Mimi sina elimu yako ya kuuliza watu maswali, kwa hiyo nauliza moja tu. Ulimfanya nini mume wangu alipokuwa mdogo?

Wifi yako,
Dorika


Mandewa
12 Mei 2024

Wifi Dorika,

Nimesikitika sana kusikia kwamba Enock amerudi nyuma. Kurudi nyuma ni sehemu ya safari, wengi hurudi mara tatu au nne kabla hawajasimama, kwa hiyo usikate tamaa.

Kuhusu swali lako, hayo ni mambo ya miaka thelathini na minne iliyopita. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Kwa kweli sikumbuki. Mlevi hutafuta wa kumlaumu, nakuambia kwa uzoefu wa kazi, na wa karibu ndio hulaumiwa kwanza.

Ukiona hali inazidi, nenda Shelui kwa wazazi wako kama tulivyoongea. Mwambie Enock nampenda.

Elina


Kinampanda
18 Agosti 2024

Dada Elina,

Shikamoo.

Dorika alinisomea barua yako ya mwezi wa tano. Alisoma "sikumbuki" mara mbili, akadhani amekosea. Nilikuwa nimelala chini, kichwa kinaniuma. Lakini siku ile kuna jambo lilikwisha. Miaka yote nilikuwa kama mtu aliyekaa dukani anasubiri chenji. Mwenye duka akisema wazi kwamba hatoi, unaweza kuinuka ukaenda zako.

Tarehe 20 Mei nikarudi Kiomboi na Isaka. Leo ni siku ya tisini. Alizeti tumeshakamua, Dorika hakwenda Shelui, Peniel anakaa karibu na mimi tena ingawa sasa ananinusa kwanza. Simlaumu. Aninuse mpaka aolewe.

Kule kliniki kuna kijana mmoja anaitwa Chrispin ambaye nadhani umemfundisha wewe, maana anaongea kama barua zako. Aliniambia nitaje vitu vinavyonivuta nirudi. Nikataja kilabu cha Jumamosi, nikabadilisha njia, sasa nazunguka kwa mbali nikienda shamba. Nikataja misiba, nikaanza kwenda na chupa yangu ya chai. Nikataja cha tatu, akaandika, kisha akainua macho akaniangalia. Cha tatu ni bahasha yenye mwandiko wako. Nikiiona tu, mdomo unakauka. Siyo mfano, dada, mate yanakauka kweli, na miguu inaijua njia.

Namba yangu ni tisa. Kwa nini si kumi, ni wewe. Nimekubali kuishi na tisa.

Kwa hiyo hii ni barua yangu ya mwisho, na naomba usinijibu. Isaka nimemwambia asibebe tena. Sijakukana. Nikifa utaambiwa, ukifa nitakuja kuchimba kaburi kwa mikono yangu, maana ndivyo tulivyolelewa. Na nakushukuru. Njia yako ni nzuri, imenitoa mahali ambapo hakuna aliyewahi kunitoa. Ila wewe mwenyewe hukuipita.

Ndugu yako,
Enock


Mandewa
1 Septemba 2024

Enock mdogo wangu,

Umesema nisikujibu. Nimempa barua hii kondakta wa basi la Kiomboi ampe Dorika, kwa sababu najua Isaka angeirudisha. Nakukosea tena kwa kukuandikia, na bado nakuandikia.

Nakumbuka.

Nakumbuka hata rangi ya gauni nililovaa, la kijani, lenye kifungo kimoja cha shati la baba. Jumamosi ya kwanza baada ya ahadi ya mama kanisani mimi ndiye niliyeonja, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Hilo wewe hukulijua, ulikuwa umetumwa maji. Nilikunywa mbele ya wazee, nikakimbia nyuma ya ghala nikatapika mpaka nyongo. Wazee wakasema pombe ina kitu, mtoto kaitapika. Pombe ya siku ile mama aliimwaga, na wiki ile tulilala bila kula mara mbili.

Jumamosi ya pili mama aliniita. Nikamwambia, "Enock ndiye anayeipenda, nilimwona anaramba mwiko." Nilimdanganya. Hukuwahi kuramba mwiko. Mama alinitazama kidogo, akasema, "Basi mpelekee." Nikakupelekea. Nilikuambia ni kama uji uliochacha. Ulipobana meno, mimi ndiye niliyekushika pua. Niliibana kwa kidole gumba na cha pili, na nilikuwa nahesabu moyoni, na nilipofika saba ukafungua mdomo. Wazee walipopiga makofi nilifurahi, Enock. Nilifurahi kwamba haikuwa mimi.

Nilipokwenda bweni nilijua kila Jumamosi unafanya nini ili nisome. Likizo nilikuwa narudi nakukuta una miaka kumi na tatu, macho mekundu, na nilikuwa nakukemea. Nimekukemea tangu hapo mpaka Januari mwaka huu.

Barua yako ya Aprili niliisoma ofisini, mlango umefungwa. Niliuona mkono. Nilijua unaniachia nafasi, hukuandika jina ili niliandike mimi. Nikachukua karatasi, nikafanya kitu ninachowakataza wanafunzi wangu: nikayatumia maneno ya kazi kujificha. Nilikurudishia hadithi yako nimeisafisha, nimemtia mama mahali pangu, na mama amekufa hawezi kukataa. Siku hiyohiyo nilimwona mteja mmoja, mwanamama, nikamsikiliza vizuri sana. Alinishukuru.

Ungeniuliza mimi namba yangu ya kusema ukweli huu, ningekujibu sifuri, kwa miaka thelathini na minne. Wewe peke yako ndiye uliyenisogeza, na umenisogeza kwa kuondoka.

Siombi unisamehe. Nataka tu uwe na ile siku yote, isiwe na mkono usio na mwenyewe. Ulikuwa wangu.

Dada yako,
Elina


Kinampanda
22 Septemba 2024

Wifi Elina,

Barua yako kondakta aliileta. Bahasha ilikuwa na jina langu, nikaifungua, nikaisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la alizeti, nikalia. Sikukulilia wewe, niseme ukweli. Nilimlilia yule mtoto aliyekuwa anahesabiwa mpaka saba.

Sijampa.

Leo ni siku ya mia na ishirini na tano. Nimezihesabu kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo na yeye hajui. Jumapili iliyopita alisimama kanisani akaimba besi, na Peniel akageuka nyuma kumtazama mpaka mwalimu wa watoto akamgusa bega. Hicho ndicho nilicho nacho, wifi. Wewe unataka kutua mzigo wako, na nakuelewa, lakini ukiutua hapa utatua juu ya mlango huo wa stoo. Kama ungeyaandika haya mwezi wa nne ningekubeba mgongoni kutoka Singida mpaka hapa. Mwezi wa nne aliomba. Sasa ameshajifunza kukaa bila hiyo, na mimi ninaogopa kumgusa, kama mtu anayeogopa kugusa chungu kilichoungwa.

Pengine nakosea. Alisema akiipata barua ya namna hii anafika kumi, na sijasahau. Lakini yeye anaishi na tisa, na mimi naweza kuishi na tisa. Kumi siijui. Nimewahi kumwona akiwa saba, na nikaona saba ilivyoanguka kwa siku moja kwa sababu ya karatasi.

Nimeiweka ndani ya Biblia ya mama yenu, ile ambayo hakuna anayeifungua kwa sababu kurasa zinachomoka. Nikifa kabla yake ataikuta. Usitume nyingine.

Kuna jambo moja zaidi, na ingekuwa rahisi kwangu kulinyamazia. Jana jioni tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Hakuna kitu kilichokuja kutoka Mandewa?"

Nikamwambia, "Hakuna."

Alipukuchua hindi lile mpaka likaisha, akachukua lingine. Akasema, "Haya." Sikujua ni haya ya namna gani, wifi, na sikuuliza. Baadaye alikwenda kufungia mbuzi, na aliporudi Peniel akamsogelea, akamnusa, akakaa.

Dorika